Panya Kwenye Salfeti ya Jirani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimeipata saa nane usiku nikiwa nimesimama juu ya kitanda, naomba mnivumilie niisimulie kama ilivyotokea.

Hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, mnajua upepo wa mwezi wa saba ulivyo, baridi mpaka kwenye mifupa, watu tumejifunika gubigubi. Ghafla jikoni nasikia kwaru kwaru kwaru, kimya, halafu kwaru tena. Umeme nao umekatika. Nikamgusa baba watoto, akakaa akasikiliza, kisha akaanza kukemea kwa sauti kubwa kila roho iliyotumwa kwenye nyumba hii irudi ilikotoka. Kakemea kweli kweli, mpaka mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Mpwapwa akaitikia toka chumba cha watoto, "Baba, hiyo roho inakula karanga. Chukua ufagio."

Basi tukaingia jikoni na tochi za simu. Jamani alikuwepo, mkubwa, ametulia juu ya jiko la gesi anatuangalia. Alivyoruka kapita juu ya mguu wa baba watoto, na mwanaume mzima alinikuta kitandani maana mimi nilishafika zamani. Kijana wetu wa kidato cha pili ndio alibaki vitani na mfuniko wa sufuria, tena anatuomba tusimuue, eti kule chuo cha kilimo SUA Morogoro panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja anaitwa Magawa mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Bibi yake akamjibu, "Huyo kasoma. Huyu wa kwenu ni mwizi."

Panya akaingia kwenye gambuti la shamba la baba watoto. Kijana akaliziba juu na mfuniko haraka, tukafungua mlango wa nyuma, baba watoto akalibeba lile gambuti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, taratibuuu, mpaka kule kwenye mpapai, akaligeuza akalikung'uta. Hakuna kitu. Kumbe lina tobo pale kwenye dole gumba tangu masika, mwenzetu alishatoka na yuko ndani ya nyumba anaendelea na mambo yake. Tulicheka usiku ule mpaka mama mkwe akakaa chini kwenye ngazi anafuta machozi na khanga.

Sasa wapendwa kicheko kiliishia tulipovuta zile salfeti za karanga ili tumtafute.

Mwezi wa tano mama mkwe alitutumia karanga, salfeti mbili. Moja yetu. Ya pili aliifunga kitambaa chekundu shingoni, debe moja la jirani yetu, mama mjane anayelea wajukuu watatu, ambaye mwezi wa tatu mtoto wangu mdogo alipolazwa alikaa na hawa wengine siku sita, akawapikia, akawaogesha, na hakuniomba hata shilingi ya sabuni. Mimi mwenyewe nilimwambia pale getini kwake, mama, karanga zako zimefika, kesho nakuletea. Nimesema hivyo mwezi wa tano. Mwezi wa sita tukakutana sokoni Majengo, nikasema tena kesho.

Ile yetu haikuguswa na panya. Tunaifungua kila siku, tunaisogeza, tunafagia chini yake, na panya hapendi mahali panapoguswaguswa. Ile yenye kitambaa chekundu ilikaa kwenye kona miezi miwili bila mtu kuitikisa, kwahiyo ndiyo akaifanya nyumba. Kulikuwa na tobo chini linaingia ngumi, nyuzi za salfeti zimetafunwa zikawa laini kama pamba, maganda yamerundikana nyuma yake ukutani, na vinyesi kama punje za mchele mweusi. Meno ya panya yanakua maisha yake yote, lazima atafune kitu, yeye alifanya ya kwake. Mimi ndio nilimwekea.

Nikakumbuka Mithali 3:28, "Usimwambie jirani yako, Nenda, urudi, na kesho nitakupa, Nawe unacho kitu kile karibu nawe." Huu mstari nimeusoma miaka na miaka, nikiufikiria wale matajiri wanaowasumbua maskini kwenye mageti. Sikujua unamhusu mtu mwenye nia nzuri kabisa, aliyechelewa tu. Na ile mana ya Kutoka 16, waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu, nadhani nao walikuwa na sababu zao nzuri tu.

Asubuhi nikataka kuchambua zile zilizobaki nzima nimpelekee. Mama mkwe akanizuia mkono, "Mkwe wangu, za panya ni zetu. Zake ni hizi," akanionyesha salfeti yetu, iliyobaki kama debe moja na nusu. Tukapima debe lake likajaa. Hata hizo tulizichambua kwenye ungo moja moja, zenye ukungu na zilizonyauka tukatupa, maana sisi wa Dodoma hatujasahau sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa vyakula, ya mwaka 2016 ilivyoua watu kule Chemba na Kondoa. Za panya mwishowe tukachimba shimo tukafukia, hatukula.

Nikampelekea mwenyewe kichwani. Nikamwambia ukweli wote, panya, kitambaa chekundu, miezi miwili, nikaomba msamaha. Akanyamaza kidogo akiziangalia, kisha akaniuliza, "Mtoto anaendeleaje kifua?" Hilo tu. Nililia njiani.

Jioni mjukuu wake akaja na bakuli la mlenda umetiwa karanga za kutwangwa, tukala na ugali wa uwele, baba watoto akakomba bakuli kwa kidole. Panya alinaswa Alhamisi kwa mtego wenye kichwa cha dagaa.

Bakuli lipo hapa mezani. Nimeliosha nimelijaza unga wa uwele, na nikimaliza kuwaandikia hapa navaa ndala nalirudisha.