Kujua Kifaransa na Kiitaliano hakutoshi kutafsiri barua za forodha, niulizeni mimi

Mimi nimekulia Bujumbura, Kifaransa nilikisoma shuleni, Kiitaliano nimekiokota kazini hapa Torino, sasa mzee mmoja anayeagiza viatu China akaletewa barua na forodha ya Ufaransa maana mzigo aliushushia Le Havre, akaniambia kijana wewe si unajua Kifaransa, nitafsirie mhasibu wangu aelewe. Nikaona hela ya bure hiyo.

Nikaandika "droits de douane" ni "diritti doganali". Mhasibu akapiga simu kachanganyikiwa kabisa, kumbe kwa Waitaliano "diritti doganali" ni kapu zima la kila kinachodaiwa forodhani, ushuru wenyewe unaitwa "dazi", yaani jamaa alidhani ile hesabu ina na VAT humo ndani! Na "taxe" nayo nimeiweka "tassa" kila mahali, wakati VAT yenyewe Mfaransa anaiita "taxe" ila Mwitaliano anaiita "imposta", "tassa" kwake ni ile unayolipia huduma. Aibu tupu.

Basi ikabidi nimtafutie mzee mfasiri wa kweli, wiki mbili. Wa kwanza alijisifu ameapa mahakamani, sawa, lakini hapa Italia unaapa kwamba tafsiri ni ya kweli, unabandika stempu za euro 16, hakuna anayekuuliza kama kodi unaijua. Wa pili dada wa Ticino, ile Uswisi inayoongea Kiitaliano, Kiitaliano safi mno, ila Uswisi haimo Umoja wa Ulaya na forodha yao ni ya kwao, kila saa anatumia maneno ya serikali yao ya Bern.

Mwisho nikawa namtumia kila mfasiri maneno matatu tu kabla ya kuongea bei: "assujetti" (aliye chini ya mfumo wa VAT), "redevable" (anayewajibika kuilipa), "mise en libre pratique" (kuruhusu bidhaa ya nje izunguke huru ndani ya Umoja wa Ulaya). Wengi hayo mawili ya mwanzo wanayapa neno moja. Anayejua atakwambia "soggetto passivo" na "debitore d'imposta", na la tatu wala halitaki ubunifu, fungua EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, weka Kanuni 952/2013, ile ya forodha, lugha mbili ubavu kwa ubavu, "immissione in libera pratica" hiyo hapo, na matoleo yote mawili yana nguvu sawa kisheria.

Aliyepatia yote alikuwa wakala wa forodha zamani kule Ventimiglia, mpakani na Ufaransa, tena kabla hajataja bei akataka kwanza aone invoisi na fomu ya kutolea mzigo. Bei yake ilikuwa mara tatu ya yangu. Mzee kalalamika weee, kalipa, na mimi hela yangu nikamrudishia.