Betty ahamia China
Tamthilia ya Kolombia, Yo soy Betty, la fea, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1999, iliwafikia Wachina kwa kutengenezwa upya: mwaka 2008 televisheni ya Hunan ilionyesha toleo lake, ambamo Betty amegeuka Lin Wudi, binti mwenye miwani mikubwa na waya za kunyooshea meno, anayefanya kazi katika kampuni ya matangazo. Chaguo hilo la kazi lilikuwa la kijanja, maana bidhaa za wafadhili, sabuni ya Dove ikiwemo, zilipata kisingizio cha kuingia ndani ya hadithi, ingawa kwa maoni yangu zilizidi kiasi. Tamthilia za Marekani zilienea kwa njia nyingine: mashabiki walizitafsiri kwa kujitolea na kuzisambaza intanetini, hadi polisi wa Shanghai walipolifunga kundi mashuhuri la Renren Yingshi mwaka 2021 kwa kukiuka hakimiliki.