Kuifundisha kompyuta bao la kiswahili: mradi ulipofikia

Januari: ubao

Nimeanza kuandika programu inayocheza bao la kiswahili, lile lenyewe lenye kunamua, yaani kuingiza kete moja moja kutoka mkononi, na nyumba, shimo moja lenye sheria zake. Bao la kujifunza, ambalo kila shimo linaanza na kete mbili na mikononi hamna kitu, nimeliruka makusudi. Ni mlango mzuri kwa mtoto, lakini ukilicheza peke yake hujui bado kwa nini watu wazima wanagombana barazani mpaka adhana ya Magharibi.

Ubao wenyewe ndani ya kompyuta ni kitu kidogo. Mashimo 32, kila mchezaji 16 katika safu mbili za nane: ya mbele inayomkabili mwenzake, na ya nyuma iliyo karibu na tumbo lake. Nimeyaweka kama orodha ya namba 32. Juu yake kuna namba mbili za kete zilizobaki mkononi kwa kila mmoja, na alama mbili za kusema kama nyumba ya huyu na ya yule bado ni nyumba au imeshavunjika na kuwa shimo kama mengine. Basi. Hali nzima ya mchezo inaenea katika mstari mmoja wa maandishi.

Kete ni 64 na hakuna hata moja inayotoka mchezoni. Unachokula kwa mwenzako unakisambaza upande wako, na kesho anaweza kukirudisha. Mtu anayeandika programu hapati ukaguzi rahisi kuliko huo: baada ya kila hatua najumlisha mashimo yote na mikono yote miwili, na jumla isipokuwa 64 programu inasimama hapo hapo na kunionyesha ubao ulivyokuwa.

Kuhusu mpangilio wa mwanzo: nyumba, lile shimo la mraba, ni la tano ukihesabu kutoka kushoto kwa mwenyewe. Humo zinakaa kete sita, na mashimo mawili yanayoifuata kuliani yanapata mbili mbili. Ishirini na mbili zinabaki mkononi. Kwa kuwa wachezaji wamekaa wakitazamana, kete za mmoja zinaangukia mbele ya mashimo matupu ya mwingine, kwa hiyo anayeanza hana cha kula. Lazima atakate, yaani asambaze kete zake bila kula. Nyumba hairuhusiwi kuguswa hapo, kwa hiyo anabakiwa na mashimo mawili na pande mbili za kwenda: njia nne tu za kufungua mchezo. Nilizipitisha zote nne kwenye programu, kisha nikazirudia kwa mkono juu ya ubao wa kweli, na zikaafikiana. Mbili za kwenda kulia hazimpi mpinzani chochote, naye atalazimika kutakata. Mbili za kwenda kushoto zinapeleka kete mbele ya nyumba yake, na anaanza kula pale pale. Nimecheza bao tangu utotoni na kila mara nimefungua kulia kwa mazoea tu. Sasa naijua sababu.

Februari na Machi: sheria

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kula katika kunamua ni rahisi kueleza. Unaweka kete moja kwenye shimo lako la mbele lenye kitu, na kama shimo la mwenzako linalolikabili nalo lina kitu, unazichukua kete zake na kuanza kuzisambaza kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia upendavyo. Ukiwa umekula kwenye kimbi, mashimo mawili ya mwisho ya kila upande, hakuna kupenda: unaanzia kichwa kilicho karibu. Kete ya mwisho ikianguka kwenye shimo lenye kitu na mbele yake kuna cha kuliwa, unakula tena. Kama hakuna cha kuliwa, unazoa zilizomo na kuendelea. Ikianguka patupu, umelala, yaani zamu yako imekwisha.

Mtu akifundishwa hivyo kwa mdomo, baada ya mechi chache mkono wake unajua. Kompyuta haina mkono. Inataka kuambiwa na yale ambayo hakuna aliyewahi kuniambia kwa sababu kila mtu aliyaona yakitendeka. Kwa mfano, hatua iliyoanza kwa kutakata haiwezi kugeuka kuwa ya kula katikati, hata kete ya mwisho ikitua mbele ya nyumba iliyojaa. Nimekaa na wachezaji miaka mingi na sijamsikia mtu akilitamka hilo kama sheria. Lakini jaribu kulivunja uone mikono mingapi itakurukia.

Nyumba ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya msimbo. Ikiwa bado hai, kutakata kunaishia hapo kete ya mwisho ikiingia ndani yake. Ukiwa katika kula, na kete ya mwisho ikaingia nyumbani kwako bila kuwa na cha kula mbele yake, unachagua: unalala, au unasafiri, yaani unaimwaga nyumba yote na kuendelea. Na ikiwa wakati wa kutakata huna kingine safu ya mbele isipokuwa nyumba, basi unatoa kete mbili tu na kuziacha nyingine ndani. Kila kipengele kati ya hivi kinahitaji mistari yake na majaribio yake. Sehemu ya nyumba peke yake imekuwa ndefu kuliko sehemu yote ya kusambaza.

Mtaji, ile awamu baada ya mikono kuwa mitupu, niliiandika haraka. Unaanza na shimo lolote lako lenye kete kuanzia mbili, hata la nyuma, mradi likufikishe kwenye kula. Shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanza kula. Huna cha kula, unatakata, ukianza kutafuta safu ya mbele kabla ya kugusa ya nyuma.

Kisha takasia. Ufupi wake ni kwamba ukitakata katika mtaji ukamwacha mpinzani hana cha kula, na wewe kwa zamu yako ijayo unatishia shimo lake moja tu, shimo hilo limefungwa: hana ruhusa ya kulikimbiza kwa kutakata nalo. Isipokuwa likiwa nyumba, au likiwa ndilo pekee lenye kitu safu ya mbele, au ndilo pekee lenye zaidi ya kete moja. Ili kujua kama kuna takasia, programu lazima icheze kimoyomoyo zamu ya mpinzani na zamu yangu inayofuata kabla haijaamua kama hatua ni halali. Yaani hata kujua kinachoruhusiwa kunahitaji kufikiri mbele. Katika chesi kuna kitu kinachofanana kidogo, kukataza kumweka mfalme wako hatarini, lakini pale unatazama hatua moja tu.

Na kuna mizunguko isiyoisha. Inajulikana kwamba bao lina hali ambazo kete zinaweza kuzunguka bila kulala kamwe, na imethibitishwa kihesabu. Barazani sijaiona. Kompyuta inayojaribu maelfu ya hatua kwa sekunde itaiona, kwa hiyo nimeweka kikomo cha idadi ya kete zinazoangushwa katika hatua moja. Kikifikiwa, hatua hiyo inafutwa kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Aprili: kufikiri

Njia ya kuchagua hatua ni ile ile ya zamani ambayo Claude Shannon aliieleza kwa chesi mwaka 1950: jaribu hatua zako zote, kwa kila moja chukulia kwamba mpinzani atajibu kwa ile inayokuumiza zaidi, rudi nyuma, chagua iliyo na madhara madogo. Pamoja na ule ukataji wa matawi unaoitwa alfa-beta, mashine inafika mbali bila kupita kila njia.

Kumaliza bao lote, yaani kujua kwa hakika nani anashinda, si jambo la kuota kwenye kompyuta yangu. Awari, ndugu yake bao kutoka Afrika Magharibi, yenye mashimo 12 na kete 48, ilimalizwa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal huko Amsterdam. Walipitia hali zaidi ya bilioni 889 na jibu likawa sare. Sasa chukua kete 64 uzigawe kwenye mashimo 32: idadi ya njia za kuzigawa ni kama 1 ikifuatwa na sufuri 25, na hapo sijahesabu kete za mkononi.

Basi inabaki kupima. Programu ikifika mwisho wa upeo wake inatazama ubao na kuupa alama, na kipimo cha kwanza nilichoweka ni kile ambacho mgeni yeyote angekiweka: hesabu kete zako, toa za mwenzako. Kwa kupima hivyo ilicheza kwa tamaa ya ajabu. Ilisafiri kila ilipopata nafasi, ikaimwaga nyumba mapema, ikajaza safu ya nyuma, na ikala sana. Kisha ilikuwa ikipoteza katika kunamua na safu ya nyuma imejaa kete tele, kwa sababu anayeshindwa bao ni yule ambaye safu yake ya mbele imekuwa tupu. Kete za nyuma haziliwi, lakini ukifika hapo hazikusaidii kitu.

Kipimo cha pili kinatazama safu ya mbele peke yake, kinaongeza thamani kwa nyumba iliyo hai, na kinapunguza pale nyumba inapokuwa mbele ya shimo la mpinzani lenye kitu. Nikazipambanisha programu mbili usiku kucha. Ya pili ilishinda mara nyingi sana hata sikuona haja ya kuchora jedwali.

Mei: ami

Ami yangu hacheki na vitu vya kompyuta. Wakati sisi wadogo tunagombania mashine ya gemu ya kaseti, kila mmoja akipiga kaseti pumzi ili ikubali, yeye alikuwa akipita na kusema tunacheza na mtu asiyekuwepo. Nilimpelekea programu kwenye tableti.

"Shikamoo ami. Nimekuletea mpinzani."

"Marahaba. Huyu naye hachoki?"

Alicheza kwa upesi wake wa kawaida, akazungumza na jirani huku akicheza, na akaishinda. Nikaongeza upeo wa hatua inazotazama mbele, wakalingana. Nilichokitaka zaidi ya matokeo ni maneno yake, na alikuwa na mengi. Kubwa kuliko yote: "Inajua kula, haijui kulala." Alinionyesha mahali ilipoweza kuishia nyumbani, ikamwacha yeye anamue kete yake mahali pabaya kwa kulazimika. Kula ni lazima katika bao, na mchezaji mjuzi anakulazimisha ule unachojuta. Programu ilikuwa ikiyaona hayo pale tu yalipoangukia ndani ya upeo wake, si hatua moja zaidi.

Alexander de Voogt, mtafiti Mholanzi aliyeandika tasnifu ya Leiden mwaka 1995 juu ya ubingwa wa bao, aliwafuatilia mafundi wa Zanzibar na uwezo wao wa kuhesabu zamu ndefu kichwani. Ukimtazama ami unaamini. Hahesabu kwa kidole, haangalii mara mbili. Lakini nadhani kilichonishinda kukiweka kwenye programu si hesabu, maana hiyo mashine inamzidi. Ni kwamba anajua ni zipi za kutohesabu.

Nimeongeza kwenye kipimo idadi ya hatua alizo nazo mpinzani. Akiwa na njia moja tu ya kula, alama zinapanda. Inacheza kwa utulivu zaidi sasa, na mara kwa mara inalala nyumbani.

Juni: sura

Hili nitalipitia haraka kwa kuwa bado linabadilika. Kete zinaanguka moja moja, kwa mwendo ambao jicho linaweza kufuata, na zamu ikiwa ndefu unaweza kugusa ubao ili ifike mwisho. Namba za kete hazionyeshwi juu ya mashimo. Vijana wa nyumbani wamelalamika, wamezoea gemu zinazowaambia kila kitu, lakini kukadiria kwa jicho ni nusu ya mchezo na sitaiondoa. Kitufe cha kurudisha hatua kipo katika mazoezi tu. Sauti nimezirekodi kwa komwe halisi kwenye ubao wa mvule, kwa kuwa zile za kununua zilisikika kama vifungo vya shati.

Kazi iliyo mezani sasa ni kupata mechi za wachezaji wazuri ili nilinganishe chaguo lao na la programu, hatua kwa hatua. Kuziandika kwa mkono haiwezekani, wanacheza upesi mno na hawatasubiri kalamu yangu. Nimetengeneza mhimili wa kushikilia simu juu ya ubao, kamera ikitazama chini, na ami amekubali kwa sharti kwamba uso wake usionekane na mechi atakazoshindwa zifutwe. La kwanza nimekubali. La pili tunajadiliana.