Ninavyoandaa kipindi cha kikundi kidogo cha vijana kanisani

Kikundi ninachokizungumzia ni cha vijana 6 hadi 12, wenye miaka 14 hadi 18, wanaokutana kwa dakika 60 baada ya ibada ya Jumapili. Wakizidi 12 ni afadhali kuwagawa, maana hapo wanne wataongea na waliobaki watasikiliza.

Huanza kuandaa Jumatatu au Jumanne. Somo linaloandaliwa Jumamosi usiku huishia kuwa mahubiri mafupi: mwalimu hakupata muda wa kutunga maswali, basi anaongea mwenyewe mpaka mwisho. Na maswali ndiyo kazi kubwa. Nayapa zaidi ya nusu ya muda wangu wa maandalizi.

Tuchukue Marko 2:1-12, habari ya mtu aliyepooza ambaye watu wanne walimshusha mbele ya Yesu kupitia dari waliyoitoboa, naye akasamehewa dhambi kisha akaponywa. Kwanza nasoma kwa sauti mara tatu, mbili katika tafsiri ya Biblia ya Union Version na moja katika ile ya Habari Njema, ambayo sentensi zake ziko karibu zaidi na usemi wa vijana. Vitabu vya ufafanuzi hubaki vimefungwa kwa sasa. Naandika kila kinachonishangaza. Mgonjwa kaletwa kwa ajili ya kupooza, mbona Yesu anaanza na dhambi? Mstari wa 5 unasema aliiona imani yao. Ni ya nani hasa? Mambo haya yaliyonikwaza mimi ndiyo yatakayozaa maswali ya Jumapili.

Ndipo natafuta mazingira. Tukio ni la Kapernaumu, na nyumba za kawaida za huko zilikuwa na paa bapa la miti na matawi lililokandikwa udongo, lenye ngazi ya kupandia kwa nje. Kijana aliyezoea bati hawezi kuelewa dari inatobolewaje. Ukimtajia nyumba ya tembe kama zile za Wagogo, anaona picha mara moja. Maelezo haya yasizidi dakika mbili.

Kisha naandika sentensi moja ya somo zima. Kwa habari hii ni: Yesu ana mamlaka ya kusamehe dhambi, na kusimama kwa mtu huyu kunalithibitisha hilo. Wengi huligeuza kuwa somo la urafiki kwa sababu ya wale wanne waliombeba mwenzao. Urafiki umo, lakini msimulizi anaelekea mstari wa 10, unaotaja mamlaka hayo, na mwalimu amfuate huko. Lolote lisilotumikia sentensi hiyo nalikata, hata kama ni zuri. Kurukaruka kwenye mistari ya vitabu vingine hula muda vibaya. Nakubali rejea moja tu.

Maswali sita yanatosha dakika 25. Mawili ni ya kuona: nani yuko ndani ya nyumba, na kila mmoja anafanya nini? Matatu ni ya maana, kwa mfano: kwa nini waandishi, yaani walimu wa sheria, waliwaza moyoni kwamba Yesu anakufuru, na je, hoja yao kwamba Mungu peke yake ndiye anayesamehe ilikuwa na kosa? Swali hilo huamsha kikundi kizima, kwa sababu hoja yao ni sahihi. Walichokosea ni kutomtambua aliye mbele yao. Moja la mwisho ni la maisha: kipi ni rahisi kwako kumwomba Yesu, msaada au msamaha, na kwa nini? Naepuka swali ambalo jibu lake ni "ndiyo" au ambalo kila aliyekulia kanisani analijua. Ukiuliza kama Yesu ni mwema, utapata jibu bila kufikiri, na mazungumzo yamekufa.

Baada ya kuuliza, nahesabu moyoni hadi kumi. Mwalimu asiyevumilia ukimya hujijibu mwenyewe, na vijana wakishajua hivyo wataacha kujisumbua. Ili wale wawili wanaojibu kila mara wasiwafunike wenzao, naomba vijana wajadiliane wawili wawili kwa dakika tatu kwanza. Kusoma nagawa kwa kujitolea: msimulizi, Yesu, waandishi. Sinyoshei mtu kidole asome, maana asiyesoma vizuri akiaibika mbele ya wenzake huenda asirudi wiki ijayo. Viti tunapanga mduara, nami nakaa humo bila meza. Biblia moja kwa watu wawili inatosha. Simu naziruhusu kama akiba tu, kwa kuwa ujumbe ukiingia macho huondoka.

Habari ya uponyaji ina swali moja zito ambalo lazima uliandae: mbona tulimwombea mama na hakupona? Usilijibu kwa haraka, na usiseme kamwe kwamba imani ilipungua. Nakiri wazi kwamba Maandiko hayatoi sababu ya kila ugonjwa, namwombea kijana huyo pale pale, kisha namtafuta baadaye. Mazungumzo ya namna hiyo nayafanya mahali tunapoonekana na watu, na simwahidi siri kabla sijasikia. Akitaja kupigwa au kudhulumiwa kimwili, usalama wake unatangulia, na wahusika wanaoweza kumlinda lazima wajue siku hiyo hiyo.

Dakika 10 za mwisho ni za sala, na kila mmoja huondoka na jambo moja la kufanya kabla ya Jumapili ijayo. Nikifika nyumbani naandika daftarini nani hakuja, nani hakusema neno, na swali lipi lilibaki bila jibu. Kipindi kijacho kinaanza na swali hilo.