Nilivyohangaika kupata waleti ya Bitcoin kwenye kompyuta yangu ya Linux

Saa saba usiku, niko chumbani kwangu Ngamiani, Tanga, feni inalia kama mashine ya kukoboa, na terminali, lile dirisha la kuandikia amri, imeniandikia kwamba saini ya faili la waleti nililolishusha ni MBAYA. Saini ni alama ya kidijitali ya kuthibitisha faili limetoka kwa mtengenezaji, na waleti ni programu ya kushikia Bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Nikasema nshaliwa. Na hapo hata senti sijaweka, ila moyo unaenda mbio utadhani kuna mamilioni mle ndani. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mazungumzo ya Kiswahili na kuziandika neno kwa neno. Mteja wangu mkubwa yuko Ujerumani, mtu mstaarabu, hacheleweshi hela, shida ni njia ya hiyo hela. Dola 60 ikipita benki inakatwa huku inakatwa kule, inanifikia imekonda. Siku moja akaniuliza, unapokea Bitcoin? Nikamjibu napokea, tena bila aibu, wakati sijui hata inapokelewaje. Njaa hiyo.

Mwanzo nilitumia programu moja ya simu ya kununulia na kuuzia kripto, jina naliacha. Malipo ya kwanza yakaingia vizuri. Ya pili yakaingia halafu akaunti ikafungwa, wanataka picha ya kitambulisho, nikatuma, wakataka nyingine nimeshika karatasi, nikatuma, kimya. Siku kumi na moja najibiwa na roboti. Mwishowe wakafungua, ila zile siku ndo zilinifanya nielewe kitu nilichokuwa nakisoma tu juu juu: kwenye programu za namna ile funguo, yaani siri za kuitolea hela, wanazo wao, mi naonyeshwa namba kwenye kioo. Na huku kwetu utamlilia nani, Benki Kuu ilishatangaza tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kama fedha halali nchini, sasa ukienda kituoni unaanza kuelezea wapi?

Nikaamua funguo nizishike mwenyewe, kwenye kompyuta yangu.

Kompyuta yenyewe ni ThinkPad ya mtumba, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 320. Ilikuwa na Windows 10, Microsoft wakaacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali mashine za umri ule. Jamaa yangu fundi, ana kibanda barabara ya 12, akanambia, "Kaka usitupe hii, tuipige Linux Mint ile ya Xfce, nyepesi." Kweli, mfumo huo ukakaa badala ya Windows, na mashine inawaka haraka kuliko zamani. Ila nilipomuuliza habari za waleti akacheka akasema huko mi simo, mi naishia kwenye printa.

Basi nikaanza mwenyewe. Wa kwanza nilioufikiria ni Bitcoin Core kwa sababu ndo programu yenyewe ya asili, inakagua kila kitu bila kumuamini mtu. Mbio zikaishia hapo hapo. Daftari lote la miamala tangu Januari 2009 limeshapita GB 600, diski yangu yote ni nusu ya hiyo. Kuna namna ya kuiambia ifute vya zamani ibaki na kidogo tu, lakini lazima kwanza ivipitishe vyote, yaani GB mia sita kwa bando la simu, hapo nauza na baiskeli na bado haitoshi.

Nikajua nataka waleti nyepesi, ile isiyobeba daftari lote, inauliza tu seva za watu wengine, hela yangu iko wapi. Ubaya wake ni kwamba seva inayokujibu inaziona anwani zako za kupokelea hela. Nikapima nikaona kwa kipato changu hiki acha waone.

Sasa hapa ndo pana utelezi. Mi nilikuwa najua Linux haina virusi basi mambo shwari, nafungua duka la programu, naandika jina, nabonyeza. Nikakutana na kisa cha Februari 2024: kwenye duka la Snap, lile duka la programu la Ubuntu, Linux nyingine, kuna mtu aliweka waleti feki yenye jina na alama ya Exodus. Mtu mmoja akaishusha, akaingiza maneno yake ya siri yanayofungua hela, zikaondoka Bitcoin 9 na ushee, karibu nusu milioni ya dola. Hakuvunjiwa mlango. Aliufungua mwenyewe akijua anaingia kwake. Mint bahati nzuri hawaleti Snap toka toleo la 20, lakini akili ikanikaa sawa, nikaacha kabisa kuuliza waleti ipi ina sura nzuri nikaanza kuuliza ipi naweza kuhakikisha kwamba niliyonayo ndo ile ile aliyoitengeneza mwenyewe.

Swali hilo peke yake likanipunguzia orodha. Exodus halisi ni nzuri machoni, ila programu yake si huria yote, kuna sehemu huwezi kuona ndani. Ikatoka. Nikabaki na mbili, Sparrow na Electrum, zote huria, zote zinakuja na saini ya watengenezaji. Sparrow niliipenda aisee, inakuonyesha muamala umechorwa kama mito inavyoingia na kutoka, unaelewa hela imetoka wapi inakwenda wapi. Lakini kwenye RAM 4, nikiwa nimefungua na kivinjari na programu yangu ya kuandikia, mashine ilianza kuhema. Electrum ipo tangu 2011, sura yake ya kizee, ila nyepesi na inafanya kazi. Nikaenda na mzee.

Na Electrum nayo si kwamba haijawahi kupata msukosuko. Desemba 2018 kuna watu waliweka seva zao za uongo kwenye mtandao wake, ukijaribu kutuma hela inakujia meseji ndani ya waleti kabisa, kwamba pakua toleo jipya hapa, na hapo ni pa wezi. Watu walilia. Matoleo ya baadaye yakazuia seva kuonyesha meseji za hivyo. Mi nilichokichukua ni sheria moja ya kwangu: sibonyezi linki ya kusasisha inayonijia, naandika anwani kwa mkono, halafu nakagua saini.

Kukagua saini sasa. Nakuelezea nilivyofanya kwa sababu maelezo mengi niliyokuta yameandikwa kwa watu wanaojua tayari. Unashusha faili mbili, programu yenyewe, ile inayoishia na AppImage, na kafaili kadogo kanakoishia na asc, hicho ndo saini. Halafu unahitaji ufunguo wa wazi wa mtengenezaji, Thomas Voegtlin, ule wa kukagulia saini yake, unauingiza kwenye gpg, programu ya kukagua saini ambayo Mint inayo tayari. Ufunguo una alama zake kama vidole, mlolongo wa herufi na namba 40. Huo mlolongo usiuamini kwa sababu umeuona kwenye ukurasa ule ule uliposhushia programu, maana kama ukurasa ni feki na ufunguo utakuwa feki. Mi niliuangalia kwenye ukurasa wao, nikauangalia kwenye hifadhi ya msimbo wao, halafu nikaazima simu ya dada yangu yenye laini ya mtandao mwingine nikauangalia tena. Dada ananitazama nasoma herufi 40 kwa sauti, "Kaka, uko sawa wewe?"

Ndo nikaendesha amri ya kukagua, na ndo saa saba ile usiku, saini mbaya.

Nilikaa kama dakika kumi sigusi kitu. Nikawaza kompyuta ina mdudu, nikawaza fundi kaniwekea Mint feki, maskini nikamshuku mtu wa watu. Halafu nikatupa jicho kwenye ukubwa wa faili. Ndogo kuliko inavyotakiwa. Kumbe mi nilijifanya mjuzi nikashusha kwa terminali badala ya kivinjari, bando la usiku likaishia njiani, faili likabaki nusu, na nusu faili saini yake haiwezi kukubali. Yaani mwizi wangu alikuwa bando.

Asubuhi nikanunua lingine, nikashusha upya, nikaendesha amri, saini nzuri. Ila na hapo gpg ikanitolea maonyo mengine, kwamba ufunguo huu haujathibitishwa na mtu unayemuamini, na kwamba saini nyingine ufunguo wake haupo. Nikaanza kutetemeka tena bure. La kwanza ni kwa sababu gpg haijui kama mi nimeshakagua vile vidole kwa macho yangu. La pili ni kwamba Electrum inasainiwa na watu zaidi ya mmoja na mi nilikuwa na ufunguo wa mmoja tu. Kinachoangaliwa ni ule mstari unaosema saini ni nzuri, na jina ni lile lile, na vidole ni vile vile. Baada ya hapo ni kulipatia faili ruhusa ya kuendeshwa, bonyeza kulia, ruhusa, weka tiki, basi.

Ikafunguka ikanipa maneno 12. Hayo maneno ndo hela yenyewe, waleti ni kama kioo cha kuitazamia tu, mwenye maneno ndo mwenye mali. Yako kwa Kiingereza, orodha za lugha nyingine zipo, Kiswahili hakuna. Jambo moja nilichelewa kulijua: maneno ya Electrum ni ya mfumo wake wenyewe, ukiyapeleka waleti nyingine usitegemee yatakubalika hivi hivi. Kwa hiyo kwenye karatasi niliandika na jina la waleti juu, maana baada ya miaka mitano nani atakumbuka.

Niliyaandika kwa penseli. Kalamu ya wino nilishaijaribu kwenye karatasi nyingine, na joto hili la Tanga na upepo wa chumvi, miezi miwili wino umeshaanza kutembea. Skrinshoti sikupiga, kwenye simu sikuweka, barua pepe ndo kabisa.

Kabla sijampa mteja anwani ya malipo makubwa nikamuomba anitumie dola 5 kwanza. Zikaingia, anwani inaanza na bc1, nikakagua herufi za mwanzo na za mwisho nilipomtumia maana kuna vidudu vinabadilisha ulichokopi. Halafu nikafanya kitu ambacho fundi aliniambia ni wazimu: nikafuta waleti. Nikaingia kwenye folda iliyojificha, nikalitoa lile faili, nikazima kompyuta, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikafungua Electrum, nikachagua kurudisha, nikaingiza maneno kutoka kwenye karatasi. Neno la saba nilikuwa nimeandika vibaya herufi moja, ikakataa, nikakodoa macho, nikarekebisha, dola 5 zikarudi. Fikiria hiyo herufi ningeigundua siku kompyuta imeibiwa.

Toka hapo nimeshalipwa mara sita. Makato ya kutuma yanategemea foleni ya mtandao, mteja ana subira kwa hiyo anatuma kwa makato madogo, na mi nangoja nikiendelea na kazi.

Karatasi ya pili nilimpelekea bi mkubwa Pangani, nimeikunja ndani ya nailoni. Nikamwambia mama nitunzie hii, usimuonyeshe mtu, hata wajomba. Akaifungua, akasoma yale maneno kumi na mawili yasiyopangika, akanitazama muda mrefu.

"Mwanangu, nani kakuandikia hirizi ya Kizungu?"

Nikamwelezea nusu saa nzima, funguo, seva, Ujerumani. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotua. Niliporudi mwezi uliofuata nikakuta keshaishonea kitambaa cheusi, imefungwa na uzi, imekaa vizuri kabisa. Na msihangaike kwenda kuitafuta, keshaihamisha, hata mi hajaniambia iko wapi.