Uso wa jiwe: wapi ung'ae, wapi ukwaruze

Kata bamba moja la itale (graniti) nyeusi vipande viwili. Kimoja kipige polishi, kingine kichome moto. Ukiviweka bega kwa bega, cha kwanza ni cheusi tii, cha pili kijivu. Jiwe ni lilelile, ila uso wenye vijibonde hutawanya mwanga na rangi hupauka. Kabla hujaamua, mwagia maji jiwe lililotoka kwenye msumeno: rangi ya ulowevu inakaribia sana ile utakayoipata kwa polishi.

Polishi si dawa inayopakwa. Ni mikwaruzo inayozidi kuwa midogo hadi jicho lishindwe kuiona. Mfululizo wa kawaida wa pedi za almasi, namba ikiwa kubwa chembe zake ni ndogo zaidi, ni 50, 100, 200, 400, 800, 1500 na 3000, kwa maji muda wote. Kila pedi ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka kutoka 50 hadi 400 hutaona kosa pale pale, maana uso mzima bado umefifia. Litajitokeza kwenye 1500, mng'ao unapoanza, kama mistari myeupe ya duara, na hapo hakuna ujanja: unarudi chini kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha pedi, futa tope, kausha jiwe, kisha ulikague kwa taa iliyolazwa ubavuni. Usikandamize grinda sehemu moja ukifukuza doa. Utachimba kibonde ambacho kitapinda taswira ya taa sakafuni. Kwa jiwe jeupe tumia pedi nyeupe, kwani za rangi zikipata moto huacha madoa.

Ukiishia 400 unapata uso laini usiong'aa. Kwa sakafu ya marumaru (jiwe lenyewe, si vigae), mimi naupendelea huo. Marumaru ni kalisaiti, madini yanayoliwa na asidi, na tone la ndimu au siki huiunguza. Kwenye uso unaong'aa alama hiyo huonekana toka mlangoni. Kwenye uliofifia ni ya kutafuta. Pia uso wa polishi ukilowa huteleza, kwa hiyo ngazi za nje na kingo za bwawa zisipewe kabisa.

Huko nje ndiko kwenye kazi ya moto. Itale ina chembe za kwatzi, madini magumu, ambayo ikifika nyuzi 573 za Selsiasi hubadilika umbo na kutanuka ghafla, na chembe za juu zikaruka kwa mlio. Tochi ya oksijeni na propani ishikwe kwa mshazari, nayo isisimame: ikisimama, uso unayeyuka na kuwa kama kioo, au bamba linapasuka. Unene wa milimita 30 ni salama kuliko 20. Vaa ngao ya uso, vipande vinaruka vikiwa vya moto. Marumaru na mawe ya chokaa usiyachome. Hayaruki chembe vizuri, na joto likizidi kalisaiti hugeuka chokaa ya unga.

Nyundo ya meno, inayotoboatoboa uso uwe na vijibonde, hufaa pale moto usipofaa, lakini marumaru ikipigwa kwa nguvu huvia weupe ndani, na weupe huo hautoki kwa kusugua juujuu. Acha ukingo wa milimita 10 hadi 15 bila kuugusa, la sivyo pembe zinamegeka.

Vumbi la itale lina silika, yaani kwatzi iliyosagika, inayoharibu mapafu bila kurudi nyuma. Kata kwa maji, vaa kinyago cha kuchuja vumbi. Kitambaa usoni hakitoshi.

Mwisho ni dawa ya kuzuia madoa, ile inayopenya. Uso wa moto au nyundo hunywa nyingi kuliko wa polishi. Jiwe likauke kabisa kwanza, paka, subiri dakika 10 hivi, kisha ufute yote iliyobaki juu. Ikikaukia juu inaacha ukungu unaonata. Paka kidogo tena dawa ileile, ukungu ulainike, na ufute mara moja.