Kiwanja cha nguzo Mafinga: msinipe tarehe ya msingi kwanza

Kwenye ratiba niliyoletewa nikague, mkandarasi kaandika mstari mmoja tu kabla ya msingi: "Kusafisha kiwanja, wiki mbili." Kiwanja chenyewe kiko Mafinga, wilayani Mufindi, palipokuwa na karakana ya kutia dawa nguzo za umeme. Wenyewe ni ndugu wa familia moja, wanataka nyumba ya wageni na kisima chao.

Wa Mufindi mnazijua nguzo zile za mkaratusi zenye rangi ya kijani. Dawa yake ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Nguzo huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, dawa ikasukumwa ndani kwa mgandamizo, kisha hutolewa ikichuruzika. Pale ilipochuruzikia miaka yote hiyo ndipo penye kazi. Dizeli ikimwagika, vijidudu vya udongo huila taratibu. Aseniki haina wa kuila.

Mimi ni mkadiria majenzi, si mkemia, lakini ratiba naijua. Hapa huwezi kupanga msingi kabla hujajua udongo unasema nini, kwa sababu majibu ya maabara yanaweza kubadilisha mchoro wenyewe. Penye sumu nyingi huenda pakachimbwa, na udongo huo ni taka hatarishi: unataka kibali na gari lake, hauendi kujazia barabara ya mtaa. Penye kidogo huenda pakafunikwa kwa zege, pakawa maegesho. Sasa ukishamlipa msanifu akaweka vyumba hapohapo?

Kujua pa kuchukulia sampuli, tulimtafuta mzee aliyewahi kufanya kazi pale. Alituonyesha kwa fimbo mtungi ulipokaa na shimo la dawa lilipokuwa, halafu akaelekea kwenye migomba ya jirani: "Zamani tulikausha huku, wanangu." Ramani ya kiwanja haikuwa na habari hiyo. Sampuli za kwenye migomba zikaongezwa.

Halafu mvua. Huku kwetu msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Ukifukua udongo ule Januari, maji yanaushusha bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za watu za mabondeni. Kwa hiyo nimepanga kwa kurudi nyuma: uchimbaji uishe Oktoba, vibali viwe mkononi kabla ya Julai, na maji ya ardhini yapimwe mwishoni mwa mvua yakiwa yamepanda. Maabara ikichelewa ukakosa kiangazi, umepoteza mwaka mzima.

Kitu kimoja hakingoji ratiba. Vipande vya nguzo vilivyobaki uani vilikuwa vinaokotwa kwa kuni. Aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hutoka na moshi, jikoni kwa mtu! Hivyo vimekusanywa na kufungiwa kabla hata sijamaliza kukagua.

Kaka mkubwa alinuna. "Dada, yaani mwaka huu hatumwagi zege?" Nikamwambia hatumwagi, na kisima nacho kikae pembeni. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa aseniki kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, na hakuna kati yetu anayejua chini kuna kiasi gani. Wamekubali kuvuta maji ya bomba. Pesa ya kuchimbia kisima imehamia kwenye vipimo.